Nia Isiishie Mlangoni mwa Msikiti

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumba yake na masahaba zake wote. Ama baada.

Ndugu zangu katika imani, naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia nyinyi, tumche Mwenyezi Mungu. Tumche tukiwa safuni, na tumche vilevile tukiwa jikoni, dukani, kituoni tukigombea gari la kurudi nyumbani, na pale simu inapolia na aliyepiga ni mtu tuliyekosana naye.

Kila aliyekaa kwenye jamvi la chuoni anaijua hadithi ya nia. Ameipokea Umar bin Khattab (R.A.), Imam Bukhari ameifungulia kitabu chake, na Imam Nawawi ameiweka ya kwanza katika Arubaini yake: amali za mja hupimwa kwa alichokikusudia. Tunaihifadhi tukiwa wadogo, lakini tukishakua tunaitumia mahali pachache. Tunanuia udhu, tunanuia swala, tunanuia saumu usiku wa Ramadhani. Tukishatoa salamu, nia inabaki kwenye mswala, na sisi tunatoka kwenda kuishi mchana mzima kwa mazoea. Tunakula kwa mazoea, tunafanya kazi kwa mazoea, na hata wake zetu, waume zetu na watoto wetu tunawajibu kwa mazoea.

Masahaba hawakuishi hivyo. Muadh bin Jabal na Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) walipotumwa Yemen, walikutana wakaulizana kila mmoja anavyosoma Qur'ani. Muadh akaeleza kwamba yeye hulala sehemu ya usiku kisha huamka akasoma, na kwamba anatarajia malipo kwa usingizi wake kama anavyoyatarajia kwa kisimamo chake. Usingizi, ndugu zangu! Kwa kuwa alilala akikusudia kupata nguvu za ibada, kulala kwake nako kukawa ibada. Na Sa'd bin Abi Waqqas (R.A.) alipougua Makka, Mtume (S.A.W.) alikwenda kumtazama, akamfundisha kwamba chochote atakachotoa kwa kutaka radhi za Allah atalipwa, hata tonge analolitia kinywani mwa mkewe.

Basi mama anayeamka kabla ya alfajiri kukanda unga wa maandazi ya kuuza, akikusudia watoto wake wale halali, yumo ibadani. Kijana wa bodaboda anayepunguza mwendo akikusudia abiria wake afike salama, yumo ibadani. Jirani yake anafanya kazi ileile, anachoka uchovu uleule, lakini kama hakukusudia lolote, jioni anarudi na uchovu wake tu. Hasara iliyoje!

Sasa tujiulize: ni nini kinachotunyang'anya nia? Mara nyingi ni moyo wenyewe usioangaliwa. Mtu anatoka nyumbani na kusudio jema, mara hasira inamkamata, au wivu unamuuma, au hofu ya riziki inamtawala. Anasema asilolikusudia, anatenda asilolitaka, na usiku anajuta. Ndiyo maana anayetaka kuishi kwa nia hana budi aujue moyo wake, ajue kilichoingia humo, kabla hakijashika ulimi na mkono.

Wapo wanaodhani kwamba dini inamtaka muumini asihisi kitu. Hayo siyo aliyotufundisha Mtume (S.A.W.). Mwanawe Ibrahim alipokuwa akikata roho, macho ya Mtume yalibubujika machozi mbele ya masahaba. Abdurrahman bin Awf (R.A.) akastaajabu, naye Mtume akambainishia kwamba ile ni rehema, kwamba jicho hulia na moyo huhuzunika, lakini ulimi hausemi ila linalomridhisha Mola. Nabii Yaqub (A.S.) naye, kama ilivyo katika Sura Yusuf, alimlilia mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe, na huzuni yake akaipeleka kwa Allah. Hawa ni Mitume, na walilia. Basi tuache kumwambia mfiwa ajikaze, kama kwamba chozi lake ni upungufu wa imani. Kilichokatazwa ni kujipiga mashavu, kuchana nguo na kupiga mayowe ya kuikataa kadari. Kuhisi si dhambi. Hesabu iko katika kile tunachokifanya na hisia ile.

Na Mtume (S.A.W.) hakuujua moyo wake peke yake, alizijua nyoyo za wanaoishi naye. Alimwambia Bibi Aisha (R.A.) kwamba anatambua anapokuwa radhi naye na anapokuwa amemkasirikia. Akiwa radhi, huapa kwa Mola wa Muhammad. Akikasirika, huapa kwa Mola wa Nabii Ibrahim. Bibi Aisha akakiri, akasema kwamba anachokiacha ni jina lake tu. Tazameni: kiongozi wa umma, mwenye wahyi, wajumbe na vita vya kupanga, anasikiliza kiapo cha mkewe na kuelewa hali yake. Wala hakumkaripia kwa kukasirika kwake. Je, wewe baba, unajua dalili za mkeo akiwa ameumia? Wewe mama, mwanao anaporudi shule amenyamaza kuliko kawaida, unaliona hilo, au simu imeyashika macho yako?

Ndugu zangu, katika hisia zote, inayobomoa nyumba zetu kwa kasi kubwa ni ghadhabu. Mtu mmoja alimwomba Mtume (S.A.W.) wasia, akamwambia asikasirike. Akaomba tena na tena, na jibu likawa lilelile. Wanazuoni wameeleza kuwa makusudio ni mtu ajiepushe na sababu za ghadhabu, na ikimjia asifanye inavyomwamuru. Mtume akafundisha pia kwamba mwenye nguvu si yule anayewaangusha wenzake katika mieleka, ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira. Na katika Sura Aal-Imran, aya ya 134, Mwenyezi Mungu amewasifu wenye kuzuia ghadhabu zao na kuwasamehe watu.

Ghadhabu inaziba masikio. Abu Mas'ud al-Badri (R.A.) alikuwa akimpiga kijana mtumwa wake kwa mjeledi, akasikia sauti ikimwita kutoka nyuma. Kwa ghadhabu aliyokuwa nayo hakuitambua sauti ile mpaka mwenyewe alipomkaribia. Alikuwa Mtume (S.A.W.), akamkumbusha kwamba Allah ana uwezo zaidi juu yake kuliko uwezo alionao yeye juu ya kijana yule. Abu Mas'ud akaahidi kutompiga tena mtumwa baada ya siku ile, na akamwacha kijana yule huru kwa ajili ya Allah. Sahaba aliyeipenda sauti ya Mtume kuliko sauti zote, ghadhabu ilimfanya asiijue! Nasi je, tunapoinua mkono juu ya mtoto aliyevunja kikombe, au juu ya binti wa kazi aliyeunguza mboga, ni wasia gani wa Mtume tunaoweza kuusikia saa ile?

Maziwa hayafuriki jikoni bila kutoa ishara: hupanda kwanza, na aliye macho hupunguza moto. Ghadhabu nayo ina ishara zake. Sulayman bin Surad (R.A.) amesimulia kuhusu watu wawili waliotukanana mbele ya Mtume, mmoja wao uso ukamwiva na mishipa ya shingo ikamvimba. Mtume (S.A.W.) akasema analijua neno ambalo lau angelitamka, yangemwondoka yaliyompata: kujikinga kwa Allah na shetani. Basi jizoeze kuzijua ishara zako. Kuna ambaye sauti humpanda, kuna ambaye mikono humtetemeka, kuna ambaye hunyamaza huku kifua kikimbana. Ukiziona, sema audhubillahi. Kama umesimama, kaa; isipokwisha, lala ubavu, kama alivyoelekeza Mtume katika hadithi ya Abu Dharr (R.A.). Kisha nyamaza. Kadhi mwenyewe amekatazwa na Mtume kuhukumu baina ya watu wawili akiwa na hasira. Ikiwa kadhi mwenye elimu yake haruhusiwi kukata shauri katika hali hiyo, wewe unakata la ndoa yako kwa ruhusa ya nani?

Hapa pana msiba tunaouona kila mara. Mume na mke wanagombana kwa jambo dogo, hela ya matumizi au neno la wifi. Mume anapandwa na hasira, anatamka talaka, au anaiandika kwenye simu na kuituma. Kesho yake yuko mlangoni kwa sheikh, anasema alikuwa na hasira. Wanazuoni wamelichambua jambo hili, na Ibn al-Qayyim aliliandikia risala maalumu. Ghadhabu iliyoifunika akili kabisa, mtu asijue anachosema, hiyo talaka yake haipiti. Ghadhabu ambayo mtu anajua anachokisema na anakikusudia, hiyo talaka yake inapita. Na iliyo baina ya hizo mbili wamehitilafiana. Lakini ni nani anayemwacha mkewe akiwa anacheka? Usiijenge nyumba yako juu ya hitilafu za wanazuoni. Toka nje, tia udhu, swali rakaa mbili, na maneno yasubiri asubuhi.

Utulivu huu unajengwa kabla ya siku ya ugomvi. Ujumbe wa Abdul Qays ulipofika Madina, watu waliruka kutoka kwenye wanyama wao wakamkimbilia Mtume. Mmoja wao, al-Ashajj, alibaki nyuma, akafunga wanyama, akapanga mizigo, akavaa nguo nzuri, ndipo akaja. Mtume (S.A.W.) akamwambia kuwa ana sifa mbili anazozipenda Allah: upole na kutokuwa na pupa. Nasi tujifunze utaratibu huo. Twende msikitini kwa kutembea, kama tulivyoamrishwa, hata iqama ikisomwa. Tusome ujumbe mpaka mwisho kabla ya kuujibu. Tusisambaze habari inayotuchoma moyo mpaka tuhakikishe. Tuzishike adhkari za asubuhi na jioni, kwani kwa kumtaja Allah ndipo nyoyo hutulia, kama ilivyo katika Sura ar-Ra'd, aya ya 28.

Na usiku, kabla ya kulala, kila mtu ajihesabu. Umar bin Khattab (R.A.) alikuwa akiwahimiza watu wajihesabu kabla ya kuhesabiwa. Jiulize: leo nilikasirika wapi, na nilifanya nini? Nimemwonea nani? Ukimkumbuka uliyemuumiza, mwombe radhi, awe mzazi wako au mwanao mdogo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo; akikuona unaomba radhi, atajua kuomba radhi.

Na yule ambaye huzuni imemganda wiki hadi wiki, hali, halali, hana raha ya kitu, asiambiwe tu kwamba imani yake ni dhaifu. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiomba kwa wingi kinga dhidi ya wasiwasi na huzuni, na yeye huyohuyo alituamrisha tujitibu. Aombe dua, na aende kwa daktari. Yote mawili ni katika kumtegemea Allah.

Leo ukifika mlangoni kwako, simama kidogo kabla ya kubisha hodi. Uliza moyo wako umebeba nini kutoka kazini, kisha nuia kwamba unaingia ili walio ndani wapate amani kwako. Toa salamu, uingie.

Ewe Mola wetu, zitengeneze nia zetu, zitulize nyoyo zetu, zilinde ndimi zetu wakati wa ghadhabu. Uwape subira wenye huzuni na uwaponye wagonjwa. Uzipatanishe nyumba zilizogombana, na utujaalie tuwe rehema kwa wake zetu, waume zetu, watoto wetu na majirani zetu. Amin. Wabillahi tawfiq, wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.