Jumanne: Tamari Anaambiwa Anyamaze

Soma 2 Samweli 13:1–22. Ni nani katika nyumba ya Daudi angeweza kuuzuia uovu huu? Kila mmoja wao alifanya nini?

Aliyetenda dhambi ni Amnoni, lakini hakufika pale peke yake. Yonadabu alitunga hila ya kujifanya mgonjwa. Daudi, bila kujua, alimtuma binti yake akampikie ndugu yake. Watu walipoambiwa watoke, walitoka. Kisha mtumishi mmoja akaamriwa amtoe Tamari nje na kukomea mlango nyuma yake, naye akafanya hivyo. Jina lake halikuandikwa.

Tamari mwenyewe hakunyamaza. Alikataa kwa maneno ya wazi, akamwonya Amnoni kwamba jambo kama hilo halitendeki katika Israeli. Baadaye alijitia majivu kichwani, akairarua kanzu yake, vazi la mabinti wa mfalme, akaenda zake akilia. Wanaouliza kwa nini wanaotendewa ukatili hawasemi, na waisome sura hii polepole. Alisema kabla, na akasema baada.

Absalomu ndiye aliyemtaka anyamaze, kwa kuwa mtendaji ni ndugu yake. Daudi aliposikia alikasirika sana, na fungu la 21 linaishia hapo. Sheria alikuwa nayo. Kumbukumbu la Torati 22:25–27 haimhesabii hatia msichana aliyeshikwa kwa nguvu. Inalifananisha jambo hilo na mtu kumwinukia mwenzake na kumwua. Lakini mwenye kosa alikuwa mzaliwa wa kwanza wa mfalme. Miaka miwili ikapita bila hukumu, ndipo Absalomu akamwua Amnoni. Hata kisasi hicho hakikumponya Tamari.

Nyumba nyingi za waumini zina msemo wao wa kunyamazisha: “Tuyamalize nyumbani.” Binti anamweleza mwalimu wa Watafuta Njia, au mke anamwonyesha shemasi wa kike majeraha yake. Wazee wa familia wanakaa, mbuzi analipwa, na Sabato inayofuata mtendaji anaombwa atoe ombi la kufunga. Hayo huitwa msamaha. Biblia haiujui msamaha wa namna hiyo, ambao wasioumizwa wanautoa kwa niaba ya aliyeumizwa. Mwongozo wa Kanisa nao unautaja ukatili wa kimwili, pamoja na ule wa ndani ya familia, miongoni mwa sababu za mshiriki kuwekwa chini ya nidhamu.

Soma Mithali 31:8, 9. Kufumbua kinywa kwa ajili ya aliye bubu kunadai nini hasa?

Kwanza, kumwamini na kumpeleka mahali salama. Aliyebakwa afikishwe hospitali upesi, kwa maana dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU yapasa kuanzwa ndani ya saa 72. Asioge wala kufua nguo alizovaa kabla ya kupimwa. Nchini Tanzania yako madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi, na namba 116 hupokea taarifa za ukatili dhidi ya watoto, kama ilivyo Kenya. Kazi ya mzee wa kanisa ni kumsindikiza na kumwombea. Uchunguzi si wake, wala kuwakutanisha wawili hao ofisini “wasikilizane.”

Mwaka 2009 Idara ya Huduma za Wanawake ya Konferensi Kuu na shirika la ADRA zilianzisha kampeni ya enditnow, na Sabato ya nne ya Agosti imetengwa kila mwaka kwa ajili ya kukomesha unyanyasaji. Ni vema iadhimishwe. Hata hivyo, Tamari hakupatwa na msiba wake katika siku iliyo kwenye kalenda.

Kwa majadiliano: Binti wa kanisani kwenu akipatwa na jambo hili usiku wa leo, atamwendea nani? Je, mtu huyo anajua la kufanya kabla hakujapambazuka?