Kwa Nini Apewe Pole?

Tangu matokeo ya kidato cha nne yatoke, kundi letu la WhatsApp la ukoo halilali. Kila mzazi anabandika divisheni ya mwanawe, mashangazi wanajibu kwa vigelegele. Wiki hii binti mmoja, naye wa mtihani huohuo, akaandika kwa furaha kwamba amepata nafasi Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, fani ya umeme wa majumbani. Kimya. Baadaye sana baba yake mdogo akamjibu: "Pole mwanangu, Mungu atafungua njia nyingine."

Njia nyingine ipi tena, jamani? Si ndiyo hiyo imefunguka? Na baba mdogo huyohuyo, umeme ukileta hitilafu nyumbani kwake, humbembeleza fundi kwenye simu kama anayeposa.

Vyuo hivi, ambavyo wengi tunaviita FDC, havikuanzishwa ili kuokota waliofeli. Mwalimu Nyerere alivutiwa na vyuo vya wananchi vya nchi za Skandinavia, ambavyo chimbuko lake ni fikra za mchungaji Grundtvig wa Denmark, karne ya 19: kwamba mkulima anastahili kuelimishwa hata kama hakuna mtihani unaomngoja. Mwaka 1975, kwa msaada wa Sweden, vya kwetu vikaanza. Leo vya Serikali ni 54, Kisarawe, Ikwiriri, Tarime, Newala na kwingineko. Hapo mwanzo kijiji ndicho kilichomchagua mtu wake, mtu mzima anayeaminika, akasome uashi, ufugaji au ushonaji, kisha arudi kuwafaa wenzake. Aliyechaguliwa hakupewa pole.

Heshima hiyo ilikwenda wapi? Nadhani iliondoka siku tulipoanza kuipima akili ya mtoto kwa divisheni peke yake. Chuo kisichouliza divisheni kikaonekana ni cha wasio na akili.

Lakini kutouliza huko ndiko kulikowaokoa wengi. Mwaka 2017 Rais Magufuli alipotangaza kwamba mwanafunzi aliyezaa asirudi shuleni, FDC ilibaki miongoni mwa milango michache iliyokuwa wazi. Hadi zuio lilipoondolewa Novemba 2021, wasichana waliingia humo, na baadhi ya vyuo vikaweka mahali pa kulelea watoto ili mama aingie darasani au karakana bila mtoto mgongoni. Shule ngapi zetu za kujivunia zimewahi kulifikiria hilo?

Najua kuna msomaji anayenikatiza hapa: "Acha mahubiri. Karakana zina vifaa vya zamani, mwanafunzi anamaliza hajawahi kushika mashine ya maana, halafu cheti chenyewe mwajiri hakitambui." Sibishi kuhusu vifaa, ingawa miaka ya karibuni majengo mengi yamekarabatiwa. Ila namuuliza: kama watoto wa wakubwa wangesoma huko, mashine zingechakaa kiasi hicho bila mtu kupiga kelele? Tulivipuuza kwanza, vikachakaa, sasa kuchakaa kwake ndiyo sababu yetu ya kuvipuuza.

Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari, na majukwaani kila kiongozi anausifu ujuzi. Vizuri. Ila naogopa mkondo huo nao utapata jina baya mapema, uwe wa "wale wasioweza fizikia", kwa sababu sera hubadilishwa Dodoma lakini pole hutolewa sebuleni.

Kuhusu ajira nina neno moja kwa halmashauri zetu. Madarasa, zahanati na nyumba za walimu siku hizi hujengwa kwa fosi akaunti, yaani halmashauri au shule yenyewe inatafuta fundi na kusimamia kazi. Fedha ni za umma, kazi ni uashi, useremala, uchomeleaji na umeme. Halafu fundi anafuatwa mjini, anapita na gari mbele ya lango la FDC ambako fani hizohizo zinafundishwa. Kwa maoni yangu, kwenye wilaya yenye chuo, mradi wa namna hiyo usianze kabla mkuu wa chuo hajaulizwa ana wahitimu gani. Wakipatikana, waanze wao. Diwani anayeona hilo ni gumu ajieleze kwenye baraza, na wazazi wa wahitimu wawepo wakisikiliza.