Dhima ya Mwenye Kusema Nimepokea

Pale Lugoba, kando ya barabara itokayo Chalinze kwenda Segera, ambako malori ya kokoto hupita na vumbi lake tangu alfajiri, mtu anunuaye umeme kwa simu hujibiwa upesi kwamba ombi lake limepokelewa, ilhali tarakimu 20 za LUKU azingojazo huweza kuja papo hapo au kukawia hata giza likaingia. "Shangazi, hela imekatwa, umeme haujaja," husema kijana dukani, naye hujibiwa, "Subiri, mwanangu, namba zitaingia." Katika kusubiri huko imo mas'ala ambayo wanazuoni wa kale, ijapokuwa hawakuiona kompyuta, waliijua vema: amana iliyopokewa na bado haijatekelezwa, dhima yake iko juu ya nani?

Mitambo ya zama hizi, ili isimsimamishe mteja mlangoni, haitendi kila kazi mbele yake. Huiandika katika foleni, ikampa ruhusa aende zake, na watenda kazi, ambao ni programu zilizotawanyika katika kompyuta nyingi, huichukua kila mmoja apatapo nafasi. Programu mojawapo ya kuendesha foleni hizo iliyo mashuhuri ni Celery, iliyoanzishwa na Ask Solem mwaka 2009, na ndani yake umo uamuzi mmoja mdogo niuonao kuwa ni wa kiakhlaki zaidi kuliko wa kifundi. Kwa desturi yake, mtenda kazi hutoa ikirari ya kupokea kabla tu ya kuanza kutenda, na foleni ikiisha kuipata ikirari hiyo huifuta kazi. Mtambo ukizimika katikati, kazi imepotea. Fundi akitaka aweza kuamuru ikirari ije baada ya kazi kwisha, na hapo haipotei kwa urahisi, ila yaweza kutendwa mara mbili, kwa kuwa mtenda kazi akiimaliza kisha akafa kabla ya kusema, mwenziwe ataianza upya.

Basi lipi jepesi, kazi kupotea au kurudiwa? Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yafuatwayo na Waislamu wengi wa mwambao wetu, aingiwaye na shaka ndani ya sala kama amesali rakaa tatu au nne hujenga juu ya yakini, nayo ni tatu, akaongeza moja, kisha akasujudu sijda ya kusahau. Sheria imechagua kuzidisha kuliko kupunguza, na ile ziada ikawekewa dawa. Lakini fedha si sala, na aliyekatwa mara mbili kwa umeme mmoja hapana sijda itakayomrudishia chake. Dawa ya huku ni kuipa kila kazi namba yake, ili ikirudi itambulikane na isiwe na athari. Na mita ya LUKU hufanya vivyo hivyo, kwani ukiziingiza tarakimu zile zile mara ya pili huzikataa, kwa kuwa inakumbuka zimekwisha tumika.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kuwa ikirari ije mwisho (risiti ikiletwa mara mbili ni kero tu, haimuui mtu). Fundi aijuaye fiqhi atanijibu kwamba wakala ni mwaminifu, hatozwi fidia ila akivuka mpaka au akizembea. Ni kweli, lakini wakala huyo ni mtu mwenye akili timamu, na programu si mukallafu, haina nia, haina thawabu wala adhabu. Uzembe wake hauna pa kukaa ila juu ya aliyeandika kwamba "nimepokea" isemwe mapema, akajiepushia taabu ya kufikiri kazi ikirudiwa itakuwaje.

Ziko, tena, kazi zinazojaribiwa mara kwa mara zikashindikana, na foleni kama RabbitMQ, ikiamriwa, huzitenga kando katika foleni ya peke yake zisitupwe. Humo mna haki za watu waliokwisha kulipa. Ni nani aliye na zamu ya kuifungua foleni hiyo? Hilo ningeliuliza kwanza, kabla ya kuulizia kasi ya mtambo.