Mtoto Asiyeshika Herufi

Ndugu zetu Waislamu, twamwona mtoto mwerevu, msemaji, lakini herufi hazimkai. Nasi twamwita mjinga na kumchapa bakora. Tangu 1896 tabibu wa Uingereza, Pringle Morgan, alikwisha kueleza kwamba kijana wa namna hii hana upungufu wa akili.

Ahitaji kurudiliwa, si kupigwa. Katika vijiji vya Tanga, 2017 hadi 2019, onebillion, jumuiya ya London isiyotafuta faida, iliwapa watoto, wengi wao wasiopata kwenda shule, programu ya kusomea Kiswahili ndani ya vishikwambi. Chombo hicho hurudia herufi ile ile, wala hakikunji uso. Je, mwalimu aliyehifadhi Surat Abasa ashindwe subira na chombo?

Twawaomba walimu wa vyuo: mtoto huyo msimfukuze. Mwekeni karibu, herufi moja kwa siku, na bakora irudi ukutani.