Picha Hailipi Deni la Marehemu

Mtu akifa Kasongo, mji wa Maniema mashariki mwa Kongo, siku hizi, picha yake hufika Lubumbashi, Bukavu na Brussels kabla kaburi halijachimbwa. Zamani habari ya msiba ilikwenda kwa miguu, baadaye ikaenda kwa redio, mtangazaji akisoma jina la marehemu na orodha ndefu ya ndugu wanaoombwa wafike haraka. Redio ingalipo, ila simu imeitangulia. Mjukuu anangoja simu yake ijae chaji kwenye kibanda cha umeme wa jua, ananunua mega za intaneti, anamfungulia nyanya yake ukurasa, anaweka picha yake, mishumaa pembeni, maua juu, na chini yake maneno ya kumtakia pumziko au Inna lillahi. Ukiitazama picha hiyo kwa karibu utajua imetoka wapi. Nyuma ni peupe, uso umekazwa, macho yameshtuka kidogo, na pembezoni kumebaki kipande cha maandishi ambacho mkasi wa simu haukukimaliza. Ni picha ya kadi ya mpigakura. Kwa wazee wengi wa vijiji jirani vya Kabambare hakuna nyingine. Serikali iliwapiga picha ili wahesabike katika uchaguzi. Watoto wao wameikuza ili iwe ukumbusho.

Swali ninalotaka kulichimba ni hili: ukurasa huo unamtunza marehemu, au unatunza sura yake tu?

Kwanza tuutendee haki, maana wapo wanaoubeza upesi. Katika nchi ya Maniema, kuandikwa jina kulikuwa haki ya wenye nguvu. Mwishoni mwa mwaka 1892, wakati wa vita kati ya dola ya Leopold II na wafanyabiashara wa pwani, Wabelgiji wawili, Lippens na De Bruyne, waliuawa Kasongo. Aprili 1893 jeshi la Francis Dhanis likauteka mji. Tangu mwaka 1900 Wabelgiji wale wawili wana mnara wao Blankenberge, ufukweni mwa bahari ya Ubelgiji, na majina yao yanasomeka. Askari wa pande zote mbili, wapagazi, na wanawake waliofuata misafara wakafia humo, hawana hata kijiwe. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyeufanya Kasongo kuwa makao yake makuu, alijiokoa kwa kalamu: aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na hadi leo yanasomwa. Waliobeba pembe zake mabegani hawakuachiwa mstari mmoja.

Ukilijua hilo, huwezi kuucheka ukurasa wa nyanya wa Kabambare. Hakuwa ofisa, hakuwa tajiri wa pembe, hakuwa mmisionari, na bado jina lake linasomwa Ulaya usiku uleule aliokufa. Tena wapo wasio na kaburi kabisa. Katika vita vya 1998 hadi 2003 familia nyingi za kusini mwa Maniema zilikimbilia porini, na waliofia huko walifukiwa palepale, kwa haraka, bila alama. Kwa mtoto asiyejua baba yake amelala chini ya mti gani, ukurasa wenye jina na picha ndiyo sehemu pekee anayoweza kurudi. Asiyewahi kukosa kaburi la kuzuru asimkejeli.

Hata hivyo, kuhifadhi ni jambo moja na kukumbuka ni jambo jingine, na Maniema ina ushahidi mzito wa tofauti hiyo. Tarehe 15 Julai 1871, msafiri David Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya Lualaba, si mbali na Kasongo. Ilikuwa siku ya soko, na wengi waliofika walikuwa wanawake. Watu wa wafanyabiashara wakafyatua bunduki katikati ya umati. Waliokimbilia mitumbwi wakazama mtoni. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alikuwa ameishiwa karatasi na wino, akaandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu la London kwa wino wa mimea ya hapohapo. Kwa miaka mingi mwandiko huo ulififia hata haukusomeka. Mwaka 2011 wataalamu wa Uingereza na Marekani waliupiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, maneno yakajitokeza tena, na kurasa zile zikawekwa kwenye intaneti bure kwa kila mtu.

Huo ndio ukumbusho wa mtandaoni wa marehemu wa Maniema uliotengenezwa kwa ustadi kuliko wote. Wino umeokolewa, gazeti limeokolewa, hasira ya Livingstone imeokolewa. Wanawake wa soko hawana jina hata mmoja. Tunajua idadi yao kwa makadirio ya upande uliowaua. Teknolojia ilirudisha kila kilichokuwa kwenye karatasi. Haikuweza kurudisha ambacho hakuna aliyejali kukiuliza siku ile: huyu ni binti wa nani, alikuja kuuza nini, ameacha watoto wangapi.

Ushahidi wa pili unatoka kwa jirani zetu Warega. Katika chama chao cha bwami, vinyago vidogo vya mbao na vya pembe vilirithiwa kutoka kwa mwanachama aliyefariki kwenda kwa ndugu yake. Aliyekishika alijua kilikuwa cha nani, na kabla ya huyo kilikuwa cha nani. Kinyago kilitoka hadharani siku maalumu, mbele ya watu waliofundishwa maana yake, kikitajiwa mwenendo mwema unaotakiwa. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ililifunga bwami, na vinyago vingi vikaishia kwenye makabati ya wakusanyaji na majumba ya makumbusho ya Ulaya. Huko vinatunzwa kuliko vilivyowahi kutunzwa: hewa imepimwa, mwanga umepimwa, mchwa hawafiki. Kilichopotea ni ule mfuatano wa watu. Kinyago kizima kisicho na wa kusema "hiki kilikuwa cha babu yangu" kimebaki pembe iliyochongwa vizuri.

Mwanafalsafa wa Kenya John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba aliyekufa huendelea kuwa miongoni mwetu maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina, aliyemfahamu. Akiondoka wa mwisho aliyemjua, marehemu naye huzama katika wakati wa mbali, pamoja na wote wasiotajwa mmoja mmoja. Mtu anaweza kuuliza: kwa kuwa mtandao hausahau, je, sasa hakuna atakayezama tena? Ukurasa utalitaja jina lake miaka mia mbili.

Nadhani hapo ndipo tunapojidanganya. Kilichomshikilia marehemu hakikuwa sauti ya jina lake, kilikuwa ni uhusiano: mtu aliyelelewa naye, aliyemkosea, aliyelishwa naye, aliyekuwa na jambo la kumtendea. Kumkumbuka mtu ni kukubali kwamba bado anakudai. Mashine haidaiwi na yeyote. Inaweza kulihifadhi jina kama makabati ya makumbusho yanavyokihifadhi kinyago, lakini haiwezi kuwa mtoto wa mtu.

Anayetaka kuliona hilo aingie katika kundi la WhatsApp la familia siku ya kilio. Juu zimejaa mikono iliyofumbatana na nyuso zenye machozi, hakuna anayezihesabu. Kisha unatokea ujumbe mmoja unaonakiliwa na kurudiwa kila baada ya saa chache, ukirefuka: orodha ya mchango. Jina, kiasi, njia ya kutuma, M-Pesa au Airtel Money. Mbele ya wengine pameandikwa "ameahidi". Shangazi wa Kindu ametoa, mpwa wa Goma ameahidi, mtoto wa mwisho aliye Ulaya bado kimya. Hakuna mshairi aliyeiandika orodha hiyo, na hakuna atakayeipamba kwa maua. Lakini ndani yake utaona marehemu alikuwa nani kwa nani. Sanda imetoka humo, mchele wa waombolezaji umetoka humo, na baada ya arobaini, familia ikiwa na adabu, ada ya shule ya yatima itatoka humohumo.

Dini zetu mbili kubwa za Kasongo zimeliona hili zamani. Mwislamu anafundishwa kwamba amali ya mtu hukatika anapokufa isipokuwa kwa njia tatu: sadaka inayoendelea, elimu inayowafaa watu, na mtoto mwema anayemwombea. Zote tatu zinahitaji mtu hai afanye kitu. Mkatoliki anatoa nia ya misa na kwenda makaburini tarehe 2 Novemba. Na desturi za wazee zinalipitisha jina kwa mtoto: binti akimpa mwanawe jina la baba yake aliyefariki, humwita mtoto huyo "baba", huona haya kumtukana, na watu wa nyumba hiyo hujifunza heshima ya mzee kupitia mtoto anayetambaa. Watu waliotoka nchi hii karne ya 19, wengi wao wakiwa watumwa na wapagazi, wameacha wajukuu Ujiji na Kariakoo, Tanzania, ambao hadi leo wanaitwa Wamanyema. Picha ya waliowazaa hawana. Walichoshika ni jina na ndugu wa kuliitikia.

Yako mambo mawili zaidi ambayo ukurasa hauwezi. La kwanza ni kudumu, ingawa ndilo unalojisifia. Facebook ilianza kuzigeuza akaunti za waliokufa kuwa kumbukumbu mwaka 2009, na mwaka 2015 ikaruhusu mtu kumteua msimamizi wa ukurasa wake baada ya kifo. Mwaka 2019 watafiti wa Oxford walikadiria kwamba ndani ya miaka 50 waliokufa huenda wakawazidi walio hai katika mtandao huo. Makaburi makubwa kiasi hicho hayajawahi kumilikiwa na kampuni moja, na kampuni hufunga. GeoCities, iliyobeba kurasa za mamilioni ya watu, ilizimwa Marekani mwaka 2009. Google nayo, tangu Desemba 2023, hufuta akaunti zisizotumika kwa miaka miwili. Na nani asiyetumia akaunti yake kuliko maiti?

La pili ni kumaliza. Eda ina miezi minne na siku kumi. Matanga yana siku ya kuanuliwa. Wazee walijua kwamba msiba usio na mwisho huwala waliobaki, wakaweka siku ambayo mjane ananyoa, anaoga, anarudi shambani. Ukurasa haujui siku hiyo. Utamkumbusha mjane siku ya kuzaliwa ya mumewe akiwa sokoni, mwaka wa tatu, mwaka wa saba, bila kumuuliza kama yuko tayari.

Kwa hiyo hukumu yangu ni ya kati, lakini si ya kusitasita. Ukumbusho wa mtandaoni ni mwema kwa kadiri unavyomwamsha mtu hai atende, na ni uongo pale unapomfanya ajione ametenda. Aliyebonyeza chozi na kuupita ujumbe wa mchango hajamkumbuka mtu.

Basi ukimwekea mzee wako ukurasa, usiishie kwenye picha ya kadi ya mpigakura. Andika ambayo hakuna aliyewaulizia wanawake wa Nyangwe: jina la baba yake na la mama yake, kijiji alichozaliwa, kazi ya mikono yake, watoto aliowazika na aliowaacha, mahali alipolazwa. Warekodi walio hai wakimsimulia kwa Kizimba, Kikusu au Kibangubangu, kwa maana lugha hizo nazo zina wazee wanaoondoka. Nakili yote kwenye daftari libaki nyumbani, kampuni ifunge isifunge. Kisha tafuta ni nani kati ya watu wake anayekosa leo kile ambacho yeye angempa, na huyo umpigie simu kabla hujaweka picha.