Kiingilio cha Tamasha Lisilofanyika

Kiingilio cha tamasha la mashabiki hulipwa miezi mingi kabla ya milango kufunguliwa, wakati mwingine karibu mwaka mzima. Mnunuzi hutoa fedha kwa kitu ambacho bado hakipo: wageni hawajapanda ndege, wauza vitabu vya katuni hawajapanga meza zao. Hadi siku yenyewe ifike, fedha hizo ni amana mikononi mwa mwandaaji, kama arubuni aliyoachiwa fundi cherehani pamoja na kitambaa. Tamasha likifutwa, amana inapaswa kurudi kwa mwenyewe. Itarudi au itapotelea njiani? Hilo hutegemea zaidi kama mwandaaji ameshaitumia.

Comic-Con ya San Diego, iliyoanza mwaka 1970, haikuwahi kufutwa hadi tarehe 17 Aprili 2020, ilipotangazwa kwamba mkusanyiko wa Julai hautawezekana kwa sababu ya UVIKO-19. Waliokwisha kununua tiketi walipewa hiari ya kurudishiwa fedha au kuhamishia nafasi zao mwaka uliofuata. Huo ndio uungwana: msiba ni wa wote, lakini uamuzi juu ya fedha huachiwa mwenye fedha.

Ujerumani ilishika njia nyingine. Sheria iliyoanza kutumika Mei 2020 iliwaruhusu waandaaji kutoa vocha badala ya fedha kwa tiketi zilizonunuliwa kabla ya tarehe 8 Machi mwaka huo. Ambaye vocha yake ingefika mwisho wa 2021 bila kutumika angeweza kudai fedha taslimu, na aliyebanwa na maisha angeweza kuzidai mapema. Nia ilikuwa kuwanusuru waandaaji wasifilisike, na nia hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, mashabiki waligeuzwa wakopeshaji bila kuulizwa.

Tukio la Baltimore la mwaka 2018 linauma zaidi, maana hapakuwa na maradhi wala tufani. Universal FanCon ilipangwa kufanyika tarehe 27 hadi 29 Aprili katika ukumbi mkuu wa mikutano wa mji huo. Ilibuniwa kwa ajili ya mashabiki waliozoea kusukumwa pembeni katika matamasha makubwa: watu weusi, wanawake, wapenzi wa jinsia moja, watu wenye ulemavu. Wengi waliichangia mapema kupitia Kickstarter, ambako zilipatikana zaidi ya dola 50,000. Wiki moja tu kabla ya ufunguzi, ikatangazwa kuwa imeahirishwa kwa upungufu wa fedha, na haikufanyika tena. Watu walikuwa wameshalipia nauli na vyumba vya hoteli, na wachoraji wameshachapisha kazi za kuuza. Mashabiki wenyewe ndio walioiokoa wiki ile. Kwa siku chache walizokuwa nazo walitafuta mahali pengine mjini humo wakaandaa tamasha dogo, WICOMICON, ili waliokwama wapate angalau pa kuuzia. Ukarimu huo unastahili kukumbukwa kuliko hasara iliyousababisha.

Kwa nini fedha huwa zimekwisha? Ukumbi hudai malipo ya awali, na kadiri siku zinavyokaribia ndivyo sehemu isiyorudishwa inavyokua. Waigizaji mashuhuri huahidiwa kiwango cha chini cha mapato ya kusaini picha, na mauzo yakipungua mwandaaji hufidia tofauti. Bima ya kufutwa kwa shughuli hulipia majanga yaliyotajwa katika mkataba, haifidii tiketi zilizokosa wanunuzi. Mwandaaji aliyekisia umati mkubwa hujikuta akilipa madeni ya jana kwa viingilio vya leo. Hapo ndipo kosa linapoanzia, hata kama hakuna aliyekusudia kuiba. Fedha za tiketi zilipaswa kukaa katika akaunti ya peke yake hadi milango ifunguliwe. Baadhi ya mawakala wa tiketi hufanya hivyo: humkabidhi mwandaaji fedha baada ya shughuli kumalizika, na mnunuzi wao hupata urahisi mkubwa mambo yakiharibika.

Anayedai huanza kwa mwandaaji au wakala, kwa maandishi, akiambatanisha risiti na tangazo la kufutwa. Akinyamaziwa, aliyelipa kwa kadi huigeukia benki yake. Marekani, sheria ya mwaka 1974 humruhusu mwenye kadi ya mkopo kupinga malipo ya huduma ambayo hakupewa, lakini ndani ya siku 60 tangu atumiwe taarifa ya akaunti yenye malipo hayo. Kwa tiketi iliyonunuliwa mwaka mzima kabla, muda huo huwa umepita zamani. Ndiyo maana kanuni za kampuni za kadi zenyewe humfaa zaidi: kwa kawaida hutoa siku 120, zikihesabiwa tangu siku ambayo huduma ilitarajiwa. Asubiriye kwa subira ahadi ya tarehe mpya huweza kuukosa mlango huo. Uingereza, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya wateja, nayo ya mwaka 1974, huifanya kampuni ya kadi ya mkopo iwajibike pamoja na muuzaji, ilimradi bei ya kitu kimoja imezidi pauni 100 na haikupita 30,000. Tiketi mbili za pauni 60 hazifikii kiwango hicho, kwa kuwa kila moja huhesabiwa peke yake.

Kampuni ikishafilisika, fedha zinazokusanywa hufuata foleni ya wadai. Sheria ya Marekani humtanguliza kidogo mtu binafsi aliyelipia huduma ya matumizi yake asiipate, hadi kiasi fulani, ingawa wenye dhamana na wafanyakazi wanaodai mishahara wako mbele yake. Mchoraji aliyelipia meza ya biashara hana hata upendeleo huo. Husimama nyuma kabisa pamoja na wadai wa kawaida, na mara nyingi foleni haimfikii. Nauli na chumba havimo kabisa katika hesabu ya tiketi: hudaiwa kwa shirika la ndege na kwa hoteli, kwa masharti yaliyokubaliwa siku ya kununua.