Mchuma Janga na Wasiokula Naye

Wazee wetu walisema kuwa mchuma janga hula na wa kwao. Neno hili ni la kweli, nasi twaliona kila siku: mtu mmoja hukopa bila ya kufikiri, na jamaa zake wote hulipa. Lakini methali yatueleza mambo yaendavyo. Haisemi kuwa ndivyo yapasavyo kwenda. Leo twataka kuuliza swali ambalo methali imeliacha: je, ni haki kumlisha janga mtu ambaye hakualikwa wakati wa karamu?

Swali hili si la nyumba moja wala la mtaa mmoja. Katika zama zetu limekuwa ni swali la dola kubwa na hazina za mataifa, na jawabu lake limefika mpaka katika bei ya unga tununuao dukani.

Tarehe 15 Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ya New York, iliyoasisiwa mwaka 1850, ilitangaza kufilisika, ikiwa na deni lililozidi dola bilioni 600. Asili ya msiba ule ilikuwa ni mikopo ya nyumba. Watu wengi wasio na uwezo wa kulipa walikopeshwa, kisha madeni yao yakauzwa kwa wengine, na hao wakayauza kwa wengine, hata mwisho aliyeishika karatasi hakumjua tena mdaiwa wake ni nani wala nyumba yenyewe iko wapi. Bei za nyumba ziliposhuka, karatasi zile zikapoteza thamani, na kila benki ikaogopa kuikopesha jirani yake.

Siku ya pili yake Benki Kuu ya Marekani iliikopesha kampuni ya bima ya AIG dola bilioni 85 ili isianguke. Tarehe 3 Oktoba likaidhinishwa fungu la dola bilioni 700 la kuyaokoa mabenki. Uingereza nayo, tarehe 13 ya mwezi huo, ikatangaza kutia pauni bilioni 37 katika mabenki yake makubwa matatu.

Je, walikosea? Hatusemi hivyo, na atakaye insafu asiharakishe kuhukumu. Jahazi lililoelemewa na mawimbi halingoji kesi isikizwe. Nahodha huamuru shehena itoswe ili roho zipone, na hiyo ni hikima. Benki ikianguka ghafla haangamii tajiri peke yake. Huangamia pamoja naye mjane aliyeweka akiba yake humo, na mwenye duka asiyepata wa kumlipa, na kibarua ambaye ujira wake ulikuwa ukipitia humo. Basi kukiokoa chombo ni wajibu. Lakini desturi ya bahari ina na sharti la pili: mali ikitoswa kwa ajili ya salama ya wote, khasara yake hugawanywa baina ya wote ambao mali zao zimesalimika, kila mtu kwa kadiri yake. Haiwi kutoswa kikapu cha abiria maskini na makasha ya nahodha yakasalia chini yamefungwa.

Sharti hili la pili ndilo lililovunjwa. Mwezi wa Machi 2009 ilibainika kuwa kampuni ile ile ya AIG, baada ya kuokolewa kwa mali ya umma, imewalipa watumishi wa idara iliyoleta khasara bakhshishi za dola milioni 165. Ilipofika Oktoba ya mwaka huo, katika kila watu 100 wa Marekani walio tayari kufanya kazi, 10 walikuwa hawana kazi, na mamilioni walipoteza majumba yao. Huko Ireland serikali iliyadhamini madeni ya mabenki yake mwezi wa Septemba 2008; hata ilipofika Novemba 2010 dola nzima ikalazimika kuomba mkopo wa kuokolewa, na raia wakaongezewa kodi na kupunguziwa matumizi ya umma kwa madeni ambayo si wao walioyafanya.

Watu watatujibu kuwa fedha zilizopewa mabenki ya Marekani zilirudishwa, tena na ziada. Ni kweli. Lakini aliyetolewa nyumbani mwake hakurudishiwa nyumba. Benki ilikopeshwa siku ambayo hapana mtu aliyekuwa tayari kuikopesha, na mkopo wa siku kama ile ni neema kubwa. Neema hiyo ilimfikia mwenye kukosa sana kabla ya kumfikia aliyekosewa. Kanuni ya wafanyi biashara wa Kiislamu tangu kale ni kuwa atakaye faida na aikubali na khatari ya khasara. Faida ilipokuwapo hatukuitwa kwenye sinia. Khasara ilipokuja tukaambiwa kuwa sote ni jamaa.

Wala njia nyingine haikukosekana. Iceland, kisiwa chenye watu wachache kuliko mji wetu wa Mombasa, iliangukiwa na mabenki yake makubwa matatu mwezi wa Oktoba 2008. Haikuwa na mali ya kuyaokoa. Ikazihifadhi amana za wenyeji, ikawaacha waliozikopesha benki zile wabebe khasara yao, na baadaye baadhi ya wakuu wa benki wakahukumiwa vifungo. Raia walipoulizwa kwa kura mwaka 2010, na tena mwaka 2011, kama hazina yao ibebe deni la benki moja kwa wenye akiba wa Uingereza na Uholanzi, mara zote mbili walikataa. Walipata taabu nyingi, lakini angalau waliulizwa.

Sasa na tutazame upande wa pili wa mizani. Miaka 11 kabla ya msiba wa New York, mwaka 1997, msiba kama huo uliishika Asia ya mashariki. Indonesia ikaenda kuomba msaada kwa Shirika la Fedha la Kimataifa. Sharti zilizotolewa zilikuwa ni nyingine kabisa: matumizi ya serikali yabanwe, riba ipandishwe, na benki mbovu zifungwe. Tarehe 1 Novemba benki 16 zilifungwa kwa siku moja, na watu wakakimbilia kutoa amana zao katika benki nyinginezo. Mwezi wa Januari 1998 dunia iliona picha ya Rais Suharto ameinama kutia saini, na mkuu wa Shirika, Michel Camdessus, amesimama juu yake amekunja mikono. Lakini Marekani ilipopatwa, riba ilishushwa mpaka karibu na sifuri, na mabenki yakapewa mali. Mwuzaji mwenye mawe mawili ya mizani, moja la kununulia na moja la kuuzia, sote twalijua jina lake.

Wataalamu watasema kuwa hali hazikuwa sawa: dola ilikuwa ikitakiwa na kila mtu, na rupia ikikimbiwa. Hoja hii ina ukweli, lakini yatuzidishia swali. Ni nani aliyeupanga utaratibu huu wa sarafu? Ulipangwa Bretton Woods, Marekani, mwezi wa Julai 1944, na wajumbe wa nchi 44, wakati ambapo Kenya haikuwa na sauti yake wenyewe. Hata leo katika Shirika lile mambo makubwa hayapiti illa kwa asilimia 85 ya kura, na Marekani peke yake ina zaidi ya asilimia 16; akikataa yeye, basi. Viongozi wa mataifa 20 walipokutana Washington mwezi wa Novemba 2008 kuutibu msiba, nchi ya Afrika iliyokuwa mwanachama ilikuwa ni moja tu, Afrika Kusini. Umoja wa Afrika haukupewa kiti katika baraza lile mpaka mwaka 2023. Wagonjwa wengi, na waganga ni wale wale waliouleta ugonjwa.

Wako watakaosema: mwenye nguvu mpishe. Sisi twasema kuwa kumpisha njiani ni adabu, lakini kumwachia hukumu ni kuipoteza haki. Mwezi wa Juni 2024 vijana wa Kenya walitoka barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, na wengine hawakurudi makwao. Mswada ukaondolewa, lakini deni halikuondoka. Nchi ilikuwa imeelemewa na madeni ya miaka mingi, na wale vijana waliuliza swali lile lile tulilolianza: tulipie nini ambacho hatukukila? Mtawala akopaye kwa jina la umma ameshika amana, na mwenye amana hana budi kutoa hesabu kabla ya kudai malipo.

Lakini tusiwe wepesi wa kuwahukumu wakubwa na kujisahau nafsi zetu. Ni mara ngapi mtu wetu hukopa kwa huyu na yule, akafanya biashara bila ya shauri la mtu, faida akaijengea ghorofa peke yake. Kisha ikimharibikia, huwakusanya jamaa na kuwaomba mchango kwa jina la udugu? Nasi humchangia, kwani hatuwezi kumwona akizama. Twafanya vyema kumchangia. Twakosea tusipomwuliza hesabu, na tukimwacha kesho ashike tena usukani ule ule. Aliyezoea kuwasamehe watu wake bila ya hesabu atapata wapi ulimi wa kuidai hesabu kwa Washington?

Rai yetu basi ni hii. Chombo kiokolewe, kwani ndani yake mna wasio na makosa. Khasara ianzie kwa aliyeila faida, na imfikie mnyonge mwisho, si mwanzo. Na kila atakayetakiwa kutosa mali yake awe na neno katika shauri la safari. Utaratibu wowote wa fedha, uwe wa mtaa au wa dunia nzima, ukikosa mambo haya matatu si uokozi, bali ni dhulma iliyovikwa nguo ya dharura.